Mchezo wa Gharika na Mto wa Kweli

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa faili wala kalamu. Mhandisi wa Maji, mkuu wa ofisi yetu ya tahadhari pale Garissa, alinikalisha mbele ya televisheni ndogo. Ilikuwa imeunganishwa na kompyuta ya nyumbani ya wakati ule, kibodi tupu isiyo na kioo chake, na kando yake redio ya kaseti. Programu ilikaa kwenye kanda. Ukiicheza, kanda ilipiga kelele kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, nawe ulingoja kelele zikome ndipo picha itokee.

"Huu ni mchezo," aliniambia. "Lakini usicheke."

Aliutunga mwenyewe kutokana na gharika ya zamani ya mto Tana, ile ambayo wazee bado waliitumia kuhesabia umri wa watoto wao. Juu ya kioo palikuwa na kipimo cha mto, yaani ule mti wenye alama unaosimikwa majini kuonyesha kina. Vijiji vilikuwa vimraba vya kijani. Ulipewa malori machache na mashua, na kila zamu ilikuwa siku moja. Pembeni palisimama mstari mwekundu ulioandikwa IMANI. Ukiwahamisha watu na maji yasifike, mstari ulipungua. Ukiisha, hakuna anayekusikiliza tena. Ukichelewa, kimraba kiligeuka cheusi na mashine ikatoa mlio mmoja mfupi.

Nilicheza asubuhi nzima na vijiji vyote vikaisha. Mimi ni binti wa wafugaji wa Griftu. Hofu niliyoijua ilikuwa ya kiangazi; maji tuliyaomba, hatukuyaogopa. Siku ile nilipotoka ofisini, ule mlio ulinifuata hadi nyumbani.

"Nitashindaje, Mhandisi?" nilimwuliza kesho yake.

"Hushindi, Habiba. Unapoteza kidogo au unapoteza kingi."

Baadaye nilipelekwa Takaba kusoma kipimo cha mvua, mkebe wenye chupa ndani ambao unausoma kila asubuhi hata kama mbingu ni kavu mwezi mzima. Kisha Sangailu, kwenye redio ya upepo, kupokea na kutuma habari za malisho na visima. Niliporudi Garissa kama afisa wa tahadhari, Mhandisi alikuwa amestaafu na vumbi lilikwisha kuiua ile kompyuta. Mkuu wangu mpya, Afisa Mkuu, alikuwa mtu wa pwani, mpole, aliyeniita Bi Habiba hata tukiwa na haraka.

Chini yake ndipo mto ulipotujia kweli.

Mvua ilinyesha sana huko juu milimani. Redio ikatuambia kina kinapanda, tukawatoa watu wa mashamba ya kando ya mto, wakahamia kwenye mwinuko. Maji yakakoma kabla ya kufika kwenye migomba, yakarudi. Fisi wakala mbuzi waliokosa zizi. Watu walirudi makwao wakitucheka. Siku chache baadaye redio ikaita tena: mto unapanda.

Afisa Mkuu alifunga mlango. "Bi Habiba, tukikosea mara hii, hata mto ukiwa kizingitini hawatatoka. Unasemaje?"

Niliuona ule mstari mwekundu kana kwamba umechorwa ukutani nyuma yake.

"Tuwatoe," nilisema.

Tulizunguka na gari lenye kipaza sauti. Hakuna aliyeinuka. Nikaenda kwa Eeddo Dahabo, shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa na migomba karibu na maji. Alikuwa ameketi mkekani anapepeta mahindi.

"Juzi ulisema maji," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kinachogeuza 'p' kuwa 'b'. "Maji ilikuwa wabi? Fisi ndio ilikuja."

"Eeddo, nakuomba."

"Mimi siendi. Mungu iko hapa na iko huko."

Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Nilivua viatu, nikakaa mkekani mwake. "Basi nami siendi. Yakija, yatukute pamoja."

Aliweka ungo chini, akanitazama. Nyuma ya migomba mto ulikuwa unanguruma, na magoti yangu yalitetemeka hata mkeka ukatikisika. Aliliona hilo.

"Walaahi, wewe unaogoba kweli," alisema taratibu.

Akainuka, akajitwika godoro kichwani. Majirani walipomwona Dahabo, mkaidi kuliko wote, anahama, nao wakafunga mizigo.

Kesho yake mchana maji yalifika. Kutoka kwenye mwinuko tuliona migomba ikilala mmoja mmoja, kisha mapaa yakiondoka. Watu walikuwa hai, wanalia. Lakini Mzee Guyo, mkulima wa matikiti, alikuwa amerudi kuchukua pampu yake. Nilimwita kwa kipaza sauti hadi sauti ikakatika. Tulimpata baada ya maji kushuka, mbali sana.

Afisa Mkuu aliniambia, "Mmoja tu, Bi Habiba. Shukuru." Nilishukuru. Lakini sikuweza kulitamka lile neno, "tu".

Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisi wana simu na picha za satelaiti, nami nafurahi, ingawa najua hakuna picha inayoweza kumwinua mtu mkekani. Kabale, mjane wa Mzee Guyo, alirudi kulima palepale, kwa kuwa hana ardhi nyingine. Kila mawingu yakijaa upande wa milimani huja kwangu. Hakai, hanywi chai. Husimama mlangoni na kuuliza neno moja:

"Nihame?"

Mara nyingi sijui. Mara nyingi maji hayafiki, naye hubeba mizigo yake kwenda na kurudi bure, katika matope, na umri ule. Hajanilaumu hata siku moja. Nami, moyo ukinidunda kama siku ya kwanza, humjibu vilevile:

"Hama."