Nilisema Hamna Mtu Ndani ya Trela

Kosa ni langu. Naanza hapo nisije nikapata mwanya wa kuzungukazunguka, maana kuzunguka kwa maneno ndiyo kazi niliyosomea chuo kikuu, na ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Jina sitoi. Lakini ninyi wa Karatu mtanijua tu, kwa sababu mliliona lile lori na mkacheka.

Lilikuwa kanta kuukuu ya boksi iliyokuwa ikisambaza mikate. Nyuma yake niliunga trela la kulala, vile vijumba vya magurudumu ambavyo wazungu huvuta nyuma ya magari yao: kitanda, sinki, kabati, kidirisha chenye pazia. Mzungu mwenye hili alirudi kwao akaliacha Ganako, likageuka banda la kuku. Mimi nikaliokoa. Nikalisugua, nikalipaka rangi nyeupe, nikajiona mtu wa maono. Jamani!

Mke wangu alitoka nje akaangalia, mikono kiunoni.

"Baba Neema, hii ni treni au ni harusi ya vyuma chakavu?"

Ningecheka nikaishia hapo, leo nisingekuwa naandika haya.

Mama mkwe wangu ni wa Endamarariek. Maisha yake yote amelima akiitazama ile milima ya Ngorongoro kwa mbali, na Kreta yenyewe hakuwahi kuiona. Watu wanavuka bahari kuja kuiona! Mimi nimeandika makala juu yake, nyingine ndefu kuliko zilivyostahili. Kila nikienda kumsalimia ananitania: "Mkwe, hilo shimo lenu nitaliona lini? Wageni wanaliona, wewe unaliandika, mimi nalisikia redioni."

Nikaahidi. Nikasema nitampeleka na nyumba yake kabisa, anywe chai dirishani huku Kreta iko chini yake.

Siku ya safari mke wangu alikuwa zamu kazini. Aliniambia neno moja tu: "Mama asikae huko nyuma. Mkae wote mbele."

Nikaitikia vizuri sana.

Lakini Mama alipofika na kitenge chake kipya na chupa ya chai, aliangalia vile viti viwili vilivyobanana kwenye kabini, akaguna.

"Mimi nikae bega kwa bega na mume wa binti yangu, kila kona namwangukia? Wewe umesoma, lakini adabu hukupewa cheti."

"Mama, ni karibu tu."

"Basi nikae kwenye nyumba yangu. Nitachungulia dirishani kama mtalii."

Nikamfungulia mlango wa trela. Nikamshika mkono apande. Nikajiambia ni heshima. Ukweli ni kwamba nilitaka apande kule. Nilitaka watu waone kitu changu kina abiria.

Na kuna jambo jingine. Trela lina mnyororo wa usalama, ule unaolishika endapo ndoano itaachia. Wangu ulikuwa unagongagonga, kila tukipita watu wanageuka. Nikaufungua nikautupa ndani ya boksi, kwa aibu tu! Na pini ya ndoano ilishapotea zamani, pale paliingia kipande cha nondo nilichokipinda mwenyewe.

Tulipokaribia geti la hifadhi nikasimama pembeni, nikaenda kugonga kidirisha.

"Mama, funga pazia kidogo."

"Kwani mimi ni gunia la bangi?" Akacheka. Lakini akafunga.

Nilijua vizuri kwamba mtu haruhusiwi kusafiri ndani ya trela. Getini kijana wa zamu, mpole kabisa, akatembea nami mpaka nyuma. Magari ya watalii yalikuwa yamejipanga, dereva wa gari lililotufuata ameshusha kioo, anatusikiliza.

"Humo mna nani, mzee?"

Kuta za lile trela ni nyembamba kama kadibodi. Nikasikia kikohozi kidogo ndani. Nikakohoa na mimi, kwa nguvu, kufunika kile chake.

"Hamna mtu," nikasema. "Ni vyombo tu."

Kosa si la yule kijana. Aliuliza, nami nikamjibu nikimwangalia machoni.

Tukaanza kupanda. Ile barabara mnaijua: udongo mwekundu, kona juu ya kona, msitu upande mmoja na korongo upande wa pili, ukungu umekaa. Kanta ililia kama inafukuzwa. Gia ya kwanza, moshi, gia ya kwanza tena. Kwenye vioo vya pembeni sikuona kitu zaidi ya boksi langu, kwa sababu boksi ni pana na trela limejificha nyuma yake.

Kisha, baada ya kona moja, lori likachangamka. Likawa jepesi ghafla! Nikaingiza gia ya pili. Nikalipigapiga dashibodi kama shingo ya punda.

"Kumbe ulikuwa hujaamka, mzee!"

Niliimba. Hilo ndilo siwezi kulisimulia mbele ya mke wangu. Niliimba.

Magari yaliyokuwa yakishuka, ambayo kutoka juu huziona kona za chini, yakaanza kunipigia taa. La kwanza, la pili, la tatu. Mmoja akatoa mkono dirishani akapunga kuelekea nyuma. Sasa kwenye barabara zetu, dereva akikupigia taa anakwambia kuna askari mbele. Nikawashukuru kwa honi. Nikafunga mkanda, nikapunguza mwendo, nikaandaa tena ule uongo wangu uwe laini: hamna mtu, ni vyombo tu.

Sikukuta askari yeyote.

Nikafika pale juu panapotazamwa Kreta. Ukungu ulikuwa unafunguka, kwa chini ziwa linang'aa. Nikashuka nimetabasamu, nikazunguka nyuma ya boksi huku nikisema, "Mama, karibu, shimo lenyewe hili!"

Nyuma ya boksi palikuwa na ndoano tu.

Niliiangalia. Akili yangu, ambayo nimeisifia sana kwenye makala, ikaniambia labda nimeegesha vibaya, trela liko upande wa pili.

Yule dereva aliyeshusha kioo getini akafika kwa kasi, akaruka chini.

"Mzee! Tangu kule nakupigia honi! Trela lako limelala kwenye kona, limerudi nyuma likagonga ukingo wa juu. Watu walitaka kuvunja mlango nikawaambia waache, nimemsikia mwenye nalo getini akisema ni vyombo tu. Bahati yako hamna mtu."

"Mna mtu," nikasema.

Akanitazama. Mpaka leo sijamsahau alivyonitazama. Kisha akafungua mlango wa gari lake nikaingia.

Tukamkuta amebanwa na kabati, nyonga imevunjika, chai imemmwagikia mkononi. Trela lingerudi kwa upande wa pili lingeingia korongoni, na wakati mwingine, nikiwa nakula tu, naliona likiingia. Hakulia. Watu walimbeba juu ya godoro lake la kitalii, naye aligeuza uso kwenye msitu. Kreta hakuiona. Ilikuwa kona chache tu juu yake.

Nyonga haikuunga vizuri. Sasa anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni, shamba analitazama. Mke wangu amehamia huko kumuuguza. Hajanifokea hata siku moja. Angenifokea ningelala.

Mimi ninaendesha gari dogo la shemeji. Likishika mteremko likawa jepesi, naegesha, nashuka, naangalia nyuma. Abiria wananiuliza nimepoteza nini.

Kila Jumapili naenda Endamarariek. Nasimama mlangoni na mkate wangu kwenye mfuko. Zamani, kabla sijamaliza kupiga hodi, alikuwa ameshaanza kunitania. Mara ya kwanza baada ya hospitali nilipiga hodi nikamaliza. Namsikia ndani, fimbo inagusa sakafu.

"Hodi! Mama, upo?"

Nikasikia kikohozi kidogo. Kisha sauti yake, bila hasira, kama anayejibu swali la getini:

"Hamna mtu."

Ndivyo anavyonijibu mpaka leo. Mimi tu. Wengine anawaambia karibu.

Ndugu zangu mnaovuta matrela, msimpandishe mtu humo, hata akicheka, hata akisema ni adabu. Mnyororo ukipiga kelele, uacheni upige. Mkipigiwa taa, simameni, shukeni, tazameni nyuma. Na ukiulizwa mna nani, usimfanye mtu kuwa vyombo. Wakurudishe, wakutoze faini, wakucheke mbele ya wageni. Sema yumo.