Mlango wa Mama Sue

"Mimi si fundi wa milango!" Kigen alipiga meza hata brashi zikaruka kwenye mkebe. "Mwaka juzi mlango. Mwaka jana mlango. Wanafunzi sasa wananiita Mwalimu Bawaba!"

"Kwani wewe ni fundi wa nini?" Madam Joan, mkuu wa idara ya sanaa, hakuinua hata macho. Alikuwa anamenya ndizi. "Maonyesho ya walimu ni Ijumaa. Mkuu wa chuo amesema ule mlango wa kwanza unabaki pale katikati ya ukuta wa ukumbi, na wewe uuchoree ndugu yake mwingine. Wageni wanapenda. Na mkataba wako unaisha muhula huu. Ama nimwambie umechoka?"

"Mwambie ule mlango si wangu wala si wenu. Uko na mwenyewe, na nataka kumrudishia."

"Mbao ni yake, sawa. Rangi je? Kilichochorwa kwa rangi ya chuo ni cha chuo. Hiyo unaijua, Mwalimu."

Kigen akaanza kuzipanga upya brashi mkebeni. Mtu akitajiwa mkataba hupanga brashi, hata kama ulimi wake ni panga.

Chuo chenyewe ni cha ufundi, hapa Nakuru, upande wa Lanet. Kuna washonaji, mafundi wa umeme, mafundi wa bomba, halafu huko nyuma kabisa, karibu na vyoo, idara ya sanaa na walimu wake watatu. Kila mwaka hao watatu lazima watundike kazi zao wenyewe ukumbini, watu waone kama anayefundisha kuchora anajua kuchora. Hakuna aliyewahi kumwambia mwalimu wa bomba azibue choo mbele ya wageni. Lakini wa sanaa lazima ajivue nguo.

Mwaka ule alioajiriwa, Kigen hakuwa na kitambaa cha kuchorea wala cha kujifutia jasho. Alikuwa ametoka kwao Elburgon na begi moja, akapanga chumba mtaa wa Kaptembwo, na maonyesho yalikuwa mlangoni. Jirani yake Wangare, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sue, alikuwa anajengewa upya fremu ya kibanda chake cha waru, yaani viazi, na mboga. Mlango wake ulikuwa umeegemezwa ukutani. Kigen, mtoto wa mpasua mbao, aliupapasa akajua: saipresi kavu, laini, hauna hata jicho moja la tawi.

"Mama Sue, niazime huu mlango siku mbili tu. Nitaupaka rangi, nikurudishie ukiwa umependeza kuliko wa kanisa."

"Siku mbili, Mwalimu. Waru hazina askari."

Akachora foleni ya akina mama kwenye kioski cha maji, kila mmoja na mtungi wake, na mbele kabisa Mama Sue mwenyewe na mtungi wa njano. Aliuchora kama mtu anayekimbizwa, na kazi ya mtu anayekimbizwa wakati mwingine hutoka na roho. Wageni waligandishwa pale. Mkuu wa chuo, Bwana Muiruri, alipenda sifa zile mpaka akaita wafanyakazi, wakaukaza mlango ukutani kwa bolti nne na vibati vya chuma. Kigen aliposema ni wa kuazima, mkuu alicheka. "Wewe mchoree huyo mama mwingine."

Tangu siku hiyo, Kigen akawa ndiye aliyefungiwa nyuma ya mlango. Alichora visiki vya msitu wa Mau alivyoviona utotoni, picha za majivu na udongo mwekundu, kazi iliyomnyima usingizi. Zikatundikwa pembeni, karibu na meza ya chai, na mgeni mmoja akaanika mwavuli wake juu ya fremu. Kila mwaka akaambiwa: lete mlango. Akanunua milango mibovu, akachora foleni zingine. Zikatoka kama barua iliyonakiliwa na mtu asiyejua kusoma.

Na kila asubuhi akitoka kwenda kazini, sauti ilimngoja kwenye kibanda.

"Mwalimu! Mlango wangu umeshamaliza shule?"

"Bado, Mama Sue."

"Huyo si mlango, huyo ni daktari! Anasomea nini miaka yote hii?"

Watu wa boda hapo karibu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mama Sue naye alicheka, lakini nyuma yake kibanda kilifungwa kwa gunia na misumari, na wote walijua gunia halizuii kitu. Kigen alijitolea kumwekea mlango mwingine. Akakataa kabisa. "Ule ulipasuliwa na marehemu mzee wangu kwa mkono wake. Utanipa mwingine uliopasuliwa na nani?"

Asubuhi ya Ijumaa ya maonyesho, Kigen alikuta gunia limechanwa toka juu hadi chini. Waru zimebebwa, majani ya sukuma wiki yamekanyagwa tope. Mama Sue alikuwa anafagia. Kigen akasimama akingoja tusi.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu," Mama Sue alisema, akaendelea kufagia.

Basi. Hakutaja mlango. Heri angemrushia kabichi kichwani. Kigen alitembea mpaka stegi ya matatu akihisi kama anayetoka kwenye matanga ya mtu aliyemuua yeye mwenyewe.

Saa za mchana ukumbi ulijaa. Wageni, wazazi, watu wa kanisa, soda zikafunguliwa. Mkuu alikuwa anamaliza hotuba yake ndefu mbele ya mlango, jinsi chuo kilivyokuza kipaji hiki. Kigen akapita katikati ya watu, akatandika magazeti sakafuni, akatoa mfukoni bapa la chuma la kukwangulia, akaanza juu kulia.

Krrr.

"Mwalimu, unafanya nini?" Madam Joan alimnong'oneza, tabasamu limemkauka usoni.

"Nawarudishia rangi yenu."

"Utafutwa!"

"Basi nifutwe. Rangi ni ya chuo, chukueni. Mbao inaenda nyumbani."

Akakwangua mwanamke wa mwisho kwenye foleni, halafu wa pili yake. Alidhani angesikia raha, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Hakusikia. Kila uso alijua alivyouchanganyia rangi, kahawia hii na tone la nyekundu, na sasa ulianguka gazetini kama maganda ya kitunguu. Mkono ulimuuma. Alipofika kwa Mama Sue alisita, akafunga macho, akakwangua. Chuma tu ndicho kilichosikika. Alipomaliza alikunja magazeti na takataka zile, akampa Bwana Muiruri kwa mikono miwili, kwa adabu.

Mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi. Halafu wote. Simu zikatolewa, picha zikapigwa, mama wa kanisa akafuta machozi akisema hayo ni mahubiri kabisa.

Bwana Muiruri, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kuiva kama nyanya, aliangalia makofi, akaangalia magazeti mikononi. Akapanua tabasamu. "Huu ndio ubunifu wa walimu wetu!" Halafu akamwinamia Kigen sikioni. "Mbao peleka. Mkataba nitasaini. Lakini mwaka ujao, utakwangua mwingine. Umenielewa?"

Kigen alielewa. Alichukua spana, akafungua bolti.

Alifika Kaptembwo juu ya boda, ameukumbatia mlango ubavuni kama mtu aliyebebana na ng'ombe. Mama Sue aliweka kisu chini. Akaupapasa mlango mgongo na tumbo.

"Na picha?"

"Nimewaachia rangi yao."

"Kwani ilikuwa picha ya nini? Watu wote wa Nakuru wameiona ila mimi."

"Akina mama kwenye maji. Wewe ulikuwa wa mbele."

"Ulinichora mnene?"

"Kidogo."

"Basi heri umekwangua." Akachuchumaa. Chini kwenye kona, pale palipokuwa pamefichwa na kibati kimoja, bapa la kukwangulia halikufika. Kilibaki kipande cha mtungi wa njano na mkono umeushika. "Na huyu ni nani?"

"Ni wewe. Ngoja nitoe msasa nimalizie."

"Msasa rudisha mfukoni." Aliweka mkono wake kando ya ule wa rangi, akaulinganisha, akaguna.

Kigen akafunga bawaba, misumari mdomoni, kwa hiyo hakuweza kumwambia aliyoambiwa na mkuu. Pengine hata bila misumari hangesema. Mlango ulikwama kidogo chini, akauinua kwa bega, ukaingia. Mama Sue akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Gunia lililochanika akalitupa kwenye moto wa jirani aliyekuwa anachoma mahindi.

"Haya, Mwalimu. Deni limekwisha. Lakini mwaka ujao usikuje kuniazima dirisha."