Begi langu la kukimbia vita lilikuwa linapungua kilo kila wiki, na sikujiuliza kwa nini

Wakuu, habari za saa hizi.

Jana nilisoma uzi wa kijana anayejiandaa kwa hiking, anauliza atoe nini kwenye begi lake la kilo kumi na nane. Watu wakamshauri mpaka akate mpini wa mswaki. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikaniishia.

Mimi sijawahi kupanda mlima kwa starehe, na kwa magoti haya sianzi leo. Lakini begi najua kulipanga. Vita ndivyo vilivyonifundisha, Bujumbura. Nasimulia yaliyonikuta, siongezi chumvi. Asiyeamini apite tu, sitamnunia.

Tuliishi Musaga, upande wa kusini wa mji. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Neema ambaye hakuwa amefikisha miaka miwili, na mama yangu mzazi. Baba yake Neema alishavuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, na habari zake zikaishia hukohuko. Huyo tusimjadili.

Mama alikuwa na nyonga mbovu. Alitembea kwa kushika bega langu la kulia, na watu wakipiga hatua mbili yeye anapiga moja.

Risasi zikianza kusikika kutoka milimani, mtaa mzima ulibeba vitu na kutembea kuelekea mjini. Kukitulia, mnarudi.

Mara ya kwanza nilibeba kama ninayehama. Sufuria, blanketi mbili, albamu ya picha, hadi pasi ya mkaa.

Ndiyo, pasi. Chekeni tu.

Tukaachwa nyuma. Majirani walitupita mmoja mmoja mpaka barabara ikabaki yetu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na sikusikia kitu isipokuwa kandambili za mama zikiburuzika.

Halafu nyuma yetu mtu akaanza kupiga mluzi.

Mluzi wa taratibu, kama wa mtu anayefagia uwanja wake. Tukisimama, unanyamaza. Tukitembea, unaanza tena. Sikugeuka. Nilitupa pasi, nikatupa sufuria, mwisho nikatupa begi zima kwenye mtaro, vyeti vyetu vikiwa humohumo. Tulipofika kwenye nyumba za mjini mluzi ukakoma. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Baada ya hapo nikawa kichaa wa uzito.

Nilikuwa nauza kwenye duka la mitumba mtaa wa Asiatique, kwa mzee mmoja nitakayemwita Mzee Sharifu. Dukani kulikuwa na mizani ya chuma ya kukanyagia, ya kupimia marobota. Nikajiwekea sheria: begi lisizidi kilo nane, maana Neema peke yake alikuwa na kilo kumi, na bega moja ni la mama.

Nilifanya yote mnayoyafanya nyie watu wa hiking, ila bila kamera. Sabuni nikakata robo. Kijiko nikakivunja mpini. Sufuria nikaacha, nikachukua kopo la maziwa. Kila Jumamosi naondoka na begi kwenda kazini, nalipima, narudi nalo.

Jioni moja nilikuwa napiga hesabu kwa sauti, Neema kilo kumi, begi nane. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni.

"Na mi niko kilo ngapi?" akauliza.

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, we haubebwi, unatembea."

Hakucheka. Akaendelea na maharage yake.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, la sivyo hamtanielewa. Kwetu chakula cha njiani tunakiita impamba, na mama alikuwa na utaratibu wake aliourithi kwa mama yake. Kila msafiri ana kifurushi chake: unga wa mahindi ya kukaanga uliochanganywa na karanga, nguo moja, na cha kujifunika. Kinafungwa kwa kipande kilichochanwa kwenye kitenge cha mwenyewe. Na ni mwiko kufungua cha mwenzako kabla ya safari. Ukifungua, mama alisema, unamfungulia njia aende peke yake.

Kwa hiyo ndani ya begi kulikuwa na vifurushi vitatu. Changu, cha Neema, na cha mama chenye kitenge cha bluu. Nilipima begi zima. Cha mama sikukigusa kamwe.

Jumamosi ya kwanza, kilo nane kamili. Iliyofuata, saba na nusu.

Nikafurahi. Nikadhani unga umekauka.

Iliyofuata, saba. Halafu sita na nusu. Mzee Sharifu alikuja akainama kuangalia mshale mwenyewe.

"Begi imejaa vilevile," akasema. "Unatoa nini?"

"Sitoi kitu, Mzee."

Akalinyanyua kwa mkono, akalirudisha chini haraka. "Mwanangu, mzigo haujipunguzi wenyewe. Uliza nyumbani kwako."

Sikuuliza. Nilikuwa naona sifa.

Wiki hiyohiyo nilimwona mama sokoni Musaga, mbele yangu, na sweta lake la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko. Alikuwa anatembea haraka, sawasawa, hachechemei. Nikamkimbilia, nikaita, "Mama!"

Aligeuka mwanamke nisiyemjua kabisa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni. Nikamuuliza sweta lake liko wapi. "Iko mu begi," akanijibu. "Sweta zinafanana, mwanangu."

Nikakubali. Wakuu, mtu akitaka kudanganywa hahitaji mwongo hodari.

Jumamosi ya mwisho mizani ilisoma tano na nusu.

Jumanne yake, kama saa tatu asubuhi, milio ikaanza, na safari hii ilikuwa karibu. Nikamfunga Neema mgongoni, begi nikaliweka kifuani. Mama akasimama mlangoni.

"Tangulia na mutoto. Mi nafunga mulango, nakuya na Mama Anitha."

Mama Anitha alikuwa jirani yetu, mwanamke wa nguvu, anaweza kumkokota mtu. Nikaona ni sawa. Nikaondoka.

Nilitembea vizuri mno, nisiwafiche. Begi lilikuwa linanichezea kifuani kama halina kitu. Nilikuwa mbele ya watu wote na nikajisikia fundi.

Kwenye kona ya barabara kuu Mama Anitha akanifikia. Yuko peke yake.

"Mama iko wapi?" nikamuuliza.

"Si iko na we? Aliniambia munaenda pamoja."

Nilikaa chini palepale barabarani. Nikafungua begi, nikatoa kifurushi chenye kitenge cha bluu. Kilikuwa kinene kama siku zote. Nikakifungua.

Majani makavu ya mgomba. Hakuna unga, hakuna nguo, hakuna sweta. Majani matupu, yamekunjwa vizuri kwa umbo la vitu. Katikati yake ulikuwepo ufunguo wa nyumba, ule aliosema anafungia mlango.

Kila wiki alikuwa anajitoa kidogo kidogo, na mimi naenda dukani kumpima anavyopungua na kufurahi.

Nilimpa Mama Anitha mtoto, nikamwambia ampeleke dukani kwa Mzee Sharifu. Begi nikaliacha barabarani. Nikarudi mbio.

Musaga ilikuwa tupu. Nguo zinadondosha maji kwenye kamba. Redio inaongea Kifaransa kwenye nyumba isiyo na mtu. Sufuria inachemka uani, mfuniko unagonga gonga. Nilikuwa nasikia vitu vidogo ambavyo siku nyingine huwezi kuvisikia, na miguu yangu ilikuwa na kelele kuliko vyote.

Mlango wetu ulikuwa umerudishwa tu.

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka katikati ya chumba. Amevaa nguo zake za kanisani, amenyooka, mikono ubavuni, macho yamefumbwa. Amejiandaa mwenyewe kila kitu, ili atakayemkuta asipate kazi. Nilijua ameshakufa.

"Umerudia nini?" akasema, bila kufumbua macho.

Nikainama, nikamvuta mgongoni, nikamfunga kwa kitenge nilichombebea Neema.

"Apana. Niache. We utachelewa."

"Nyamaza, Mama."

"Begi iko wapi?"

"Nimetupa."

"Na unga?"

"Nimetupa yote."

"We iko mujinga," akasema, na nikasikia sauti yake inakatika.

Tulipotoka kwenye mtaa, mluzi ukaanza.

Uleule. Taratibu, kutoka kati ya nyumba. Nikasimama, ukanyamaza. Mama akanibana shingo kwa mikono miwili, akaninong'oneza sikioni, "Usigeuke. Tembea." Nikatembea. Nilitegemea miguu ikatike wakati wowote, lakini wakuu, mama alikuwa mwepesi. Ilinitisha kuliko mluzi. Mwanamke aliyenizaa, nambeba kama kuni za siku moja.

Sijui ulinyamaza saa ngapi. Tulifika Asiatique mchana. Neema alikuwa amelala juu ya robota la makoti, na Mzee Sharifu alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi yake, hajafunga duka.

Nilitaka kumweka mama kwenye kiti. Akakataa, akaonyesha mizani kwa kidole.

"Nipime."

Akapanda huku ameshika bega langu la kulia. Nikamwambia aachie kidogo. Mshale ukatulia kwenye thelathini na nane.

"Na begi ilikuwa ngapi?"

"Tano na nusu."

Akaangalia mshale ule. Kisha akasema polepole, "Ile siku nilikuuliza, ungenijibu."

Mama aliishi miaka mingine mingi na akafa kitandani kwake, mimi nikiwa nimemshika mkono. Hilo neno hakulirudia, lakini mimi bado nalisikia.

Kwa hiyo kijana wa mlimani, kata mswaki wako, hongera. Ila kabla ya kupima vitu, wapime watu utakaoongozana nao, na wakikuuliza wako kilo ngapi, wajibu. Siku hizi nikisafiri na wanangu bado nafunga kifurushi cha kila mtu kwa kitenge chake. Mwiko wa mama nimeuvunja: kabla hatujatoka mlangoni, nafungua vyote.

Waliokuwa Buja miaka ile wataongezea, hasa kama kuna aliyewahi kuusikia ule mluzi. Na wengine mniambie: kwenye nyumba yako ni nani anayepunguza vitu vyake kimyakimya, na wewe unafurahi kwamba safari imekuwa nyepesi?