Mshale wa Geji ya Tata

Juzi mjukuu wangu alinipakia kwenye gari lake jipya kutoka Bukoba mjini hadi Muleba. Mbele yangu plastiki tupu na vitaa vidogovidogo. Akaniuliza, "Bibi, mbona unaitazama dashibodi kama inakudai?" Nilicheka tu. Wewe nitakusimulia, maana nawe umekulia vijiji vile, unajua neno lilivyokuwa likitembea kutoka kibanja hadi kibanja.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa seremala pale Ijumbi, tena mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Enzi hizo za Mwingereza, Mwafrika mwenye gari kwetu alikuwa kama kioja. Siku moja akaja na vani kuukuu aliyoinunua kwa mfanyabiashara wa mjini. Injini ilikuwa nzima, lakini dashibodi ilikuwa imeliwa na kutu na geji zote zimekufa. Tata akaing'oa yote, akaanza kuunda nyingine ya mvule chini ya upenu. Majuma mawili nyumba ilinuka maranda na gundi, mama akimenya ndizi pembeni, randa ikilia shwaa, shwaa mpaka mchana.

Geji mbili alizitoa kwenye lori bovu, moja ya oili na moja ya joto la maji. Akazichongea vikombe vya mti, akazivika pete za mpira wa tairi zisitikisike barabarani. Chini yake akatengeneza vijumba sita vya kuwekea vitu. Vitano vilikuwa wazi: spana, kamba, makaratasi, kitambaa, kahawa kavu ya kutafuna. Cha sita alikiwekea mlango na kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni.

"Humo mna nini?" mama aliuliza.

"Vitu vya gari."

Tangu siku hiyo mama alikuwa akimtazama Tata kwa pembe ya jicho.

Tata alianza kubeba abiria kwenda mjini, na mwanzoni watu walifurahi. Halafu mama mmoja akashuka na doa jeusi kwenye kanga, pajani. Lilikuwa tone la oili kutoka kwenye kibomba chembamba cha geji, lakini nani angejua? Jirani yetu, mjane mwenye ulimi mkali, aliigusa ile kanga, akanusa, akasema kwa sauti ndogo, "Damu ikikauka huwa hivi." Kufikia Jumapili neno lilikuwa limefika kila mahali. Gari la mumiani. Bomba linanyonya, geji inapima, kijumba chenye kufuli kinahifadhi.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilijua kusoma. Nikaamua kuchunguza mwenyewe. Nilikaa mbele, macho kwenye mshale wa geji moja. Gari lilipojaa watu na kupanda kilima, mshale ulipanda. Watu waliposhuka, ukashuka. Basi ni kweli, nikajiambia, inapima damu yao. Tangu hapo nilikataa kukaa mbele, na Tata akininyooshea kipande cha muwa nilikipokea nikimchungulia mikono kama ina damu.

Abiria wakaisha. Vani ikalala uani, kuku wakatagia chini yake.

Kisha mke wa mwana wa yule mjane akashikwa na uchungu, siku moja, siku ya pili, mtoto hatoki. Ikabidi apelekwe hospitali Rubya. Tata akawasha gari, akalisogeza mlangoni kwao. Mjane akasimama katikati ya njia.

"Hapandi humo. Nimesema."

Wanaume wakamlaza mgonjwa kwenye engozi, ile machela yetu, wakamwinua mabegani, mjane akitembea kando yao. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope. Tata hakurudi nyumbani. Aliniambia, "Panda," nikapanda mbele, akawafuata nyuma polepole kwa gia ya kwanza, kana kwamba yuko kwenye msiba.

Tulipofika katikati ya kilima cha pili, nikaona mshale unapanda. Ukapita pale ulipofika siku ya abiria wengi, ukaendelea. Nyuma hamkuwa na mtu, mbele tulikuwa sisi wawili. Nilijipapasa mikono, nilikuwa mzima.

"Tata, kwa nini unapanda?"

"Maji yanachemka. Gari halipendi kutambaa hivi mlimani."

Niliruka nje, nikamkimbilia yule mjane. "Mama, njoo uone! Hamna mtu ndani, na mshale umefika juu!"

Alikuja akiwa amekunja uso. Alitazama geji, akatazama viti vitupu, akanitazama mimi. Kisha akanyoosha kidole kwenye kufuli.

"Fungua."

Tata alisita. Akavua ufunguo, akafungua. Ndani mlikuwa na kiko na tumbaku. Mzee wa kanisa, aliyewakemea vijana kwa kuvuta sigara!

Mjane hakucheka. "Mleteni huku," akawaambia wanaume. Tata akaongeza maji kwenye rejeta, mgonjwa akalazwa ndani, tukaenda mbio.

Mkwewe alipona. Mtoto hakulia hata mara moja. Tulikuwa tumechelewa sana njiani. Baada ya siku chache tuliamka tukakuta mkungu wa ndizi mlangoni petu, na mgongo wa mjane ukiishia kwenye migomba. Abiria walirudi, si wote. Wengine waliendelea kutandika kanga mbili pajani.

Vani iliuzwa zamani. Nilisikia aliyeinunua aling'oa ile dashibodi akaweka ya bati, mvule wa Tata ukawa kuni. Siku hizi hakuna anayechonga kikombe cha geji, wala anayeuliza ndani ya gari mna nini.

Miaka mingi baadaye, Tata akiwa ameshazeeka, tulikuwa tukichambua maharage uani. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Na wewe uliniogopa wakati ule?"

Nikamwambia hapana.

Akaendelea kuchambua. Nadhani alijua.