Jani la Mlangoni kwa Baba Mkwe

Babu yangu Machogu alikuwa mtunza bustani wa mzungu mmoja kule Sotik. Aliporudi Sironga mwaka 1946 alibeba kipande cha ua lenye majani manene yaliyojaa maji, akakipanda mlangoni pake. Likachanua maua mekundu. Jina la kizungu alikuwa amelisahau, basi majirani wakaliita Machogu, na jina hilo likashika.

Taabu ilimwangukia mama yangu, Nyanchera. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala hasogei mlangoni pake. Majirani walisema Machogu huku, Machogu kule. Yeye alionyesha kwa kidole tu. Hata leo akisimulia habari hii hukasirika upya.

Asubuhi moja dada yangu Drusilla aliamka akishika sikio na kulia. Watu walilisifu jani lile: ulipashe motoni, ukamue matone sikioni. Baba yangu alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Mama akamkimbilia wifi yake Eucabeth, binti wa babu, aliyekuwa akianika wimbi.

"Wifi, nichumie jani lile nene."

"Lipi? Shubiri?"

"La maua mekundu, mlangoni kwa baba."

"Kwa baba kuna mengi. Lina jina, wifi. Litaje tu, mzee hasikii."

"Eucabeth, mtoto analia!"

"Basi nusu yake," Eucabeth akasema akicheka. "Sema 'Ma'."

Mama alimfunga Drusilla mgongoni, akapanda hadi mwisho wa migomba, pale wake wa boma wanapokomea, akageuza uso, akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Baba! Jani! Sikio la mtoto!"

Babu alichuma majani matano, akayaweka juu ya jiwe, akarudi ndani. Ndipo mama akayachukua.

Adhuhuri Drusilla alilala. Eucabeth akaja na ujumbe, safari hii bila kicheko.

"Mzee ameniuliza kwa nini sikukuchumia, akanigombeza. Anasema ua lile ulitafutie jina jipya wewe mwenyewe, na boma zima tutalitumia."

"Mwambie baba asante," mama akasema, akiosha sufuria kwa nguvu. "Mimi nimezungushwa vya kutosha kwa jani moja. Jina alitafute aliyekuwa akicheka. Na akalitafutie nje, mtoto amelala."