Chunjua za Mkunga wa Chiola

Enzi za mashamba ya karanga, kwenye benchi la zahanati Nachingwea, nilikaa jirani na mkunga kutoka Chiola. Wajawazito walikuwa wamemkimbia, wakihofia chunjua za mikononi mwake zitawaambukiza watoto.

Dereva wa trekta akamwonyesha kidole chenye kovu. "Mama, pakaa mafuta ya ganda la korosho. Yangu iliungua ikaisha."

"Kidole kinakunjika?" mkunga akauliza.

Dereva akajaribu. Kiligoma.

Mkunga akamgeukia dresa, mhudumu wa zahanati, aliyekuwa amemwonya kuwa dawa yake huponya polepole. "Nipe dawa yako, mwanangu, hata ikichelewa. Vidole nina kazi navyo."

Ilichelewa kweli, miezi, lakini chunjua zilikwisha, na watu wa Chiola wakaanza kumwita tena. Wengi wetu huisifu dawa kwa jinsi inavyouma. Yeye aliuliza itamwachia nini.