Choki Ambayo Deo Hakuivuta

Naikumbuka siku niliyoharibu kabureta ya Mama Anselmi kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na leo nakusimulia kwa sababu nimekasirika. Mwanangu, jana nilipita pale gereji kwako Njoro. Nilikusikia ukimwambia mteja kwamba pikapu yake inatoa moshi mweusi kwa sababu petroli ya siku hizi ni mbaya. Petroli haikuwa na kosa lolote, na wewe ulijua. Sikutaka kukuumbua mbele ya mtu. Nilirudi nyumbani, hata chai ikanishinda.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi kamili, nikifanya kazi kwa Mzee Salimu pale Majengo. Yeye ndiye aliyenifundisha kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kuna jambo moja alilisema mpaka tukachoka kulisikia. Vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu katikati, tunavyoviita jeti, ndivyo vinavyopima petroli inayoingia kwenye injini. Vikiziba, uviloweke, kisha uvipulize. Usiingize waya hata siku moja, maana shaba ni laini, na tundu likishapanuka halirudi.

Mama Anselmi alikuwa mjane wa Kibosho, huko juu mlimani, mwenye kihamba cha kahawa na migomba, na pikapu kuukuu. Pikapu ile ilishusha maziwa kila asubuhi, na mgonjwa yeyote wa pale kijijini aliteremshwa nayo hospitali. Dereva wake aliitwa Deo, mtu mzima, mpole, aliyeiendesha miaka mingi bila hata kuikwaruza. Siku hiyo aliileta kwa sababu ilikuwa inakosa nguvu mlimani.

Nikafungua kabureta. Jeti moja ilikuwa imeziba. Nikailoweka, nikaipuliza, haikuzibuka. Nilitakiwa kuiacha ilowe zaidi, lakini saa kumi tulikuwa na mechi, na golikipa nilikuwa mimi. Basi nikachomoa uzi mmoja kwenye brashi ya chuma, nikausukuma ndani ya lile tundu. Nilihisi unakwaruza. Mpaka leo nauhisi vidoleni. Na boya, lile linaloinuka na kufunga petroli isizidi, nilipaswa kulipima. Nikalikadiria kwa macho tu. Nikafunga, nikawasha, nikageuza skrubu ya hewa mpaka injini ikatulia. Pale mjini ilinguruma vizuri kabisa.

Deo akaniambia, "Fundi, twende nayo juu kidogo ukaisikilize kule. Huku chini huwa haisumbui sana."

"Nimeshamaliza, Deo. Gari ni zima," nikamjibu huku navua ovaroli.

Alisema kweli, na nilijua anasema kweli. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini inayopewa petroli kupita kiasi inaweza kuvumilia mjini, lakini mlimani itakabwa.

Siku tatu baadaye mkamwana wa Mama Anselmi alishikwa na uchungu asubuhi. Deo akampakia pamoja na mkwewe. Barabara ya kwao inashuka kwenye korongo, inavuka daraja, halafu inapanda upande wa pili kabla ya kuelekea mjini. Kwenye ule mpando gari likafuka moshi mweusi, likakohoa, likazima. Petroli ilikuwa imefurika, halikuwaka tena. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, chini ya migomba, mikononi mwa bibi yake. Mama yake alipoteza damu nyingi kabla wanaume hawajambeba kwa machela ya magunia hadi barabara kubwa. Walipona wote wawili, Mungu ashukuriwe. Lakini yule binti alilala hospitali Mawenzi siku nyingi, na mtoto akanyonyeshwa na shangazi.

Pikapu ikavutwa mpaka gereji. Mama Anselmi akaja nayo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, gari langu lilikuwa na nini?"

Sasa sikia nilivyojibu. "Mama, dereva alisahau choki, ile ya kuvuta unapowasha injini ikiwa baridi. Ukiiacha imevutwa, lazima injini ifurike."

Lilikuwa jibu la kitaalamu. Choki iliyosahauliwa hutoa moshi mweusi hivyohivyo. Ndiyo maana nasema ule haukuwa uongo mdogo. Nilichukua ufundi niliofundishwa na mtu mwaminifu, nikamkandamiza nao mtu ambaye hakuwepo kujitetea. Deo alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Kanisani watu wakawa hawakai naye benchi moja.

Baada ya juma moja alikuja gereji kwa miguu. Hakuja kugombana. Alimwamkia Mzee Salimu, kisha akasema, "Mzee, mimi choki sikuivuta. Naomba kabureta ifunguliwe nikiona."

Pikapu ilikuwa bado pale gereji, ikingoja dereva mpya. Mzee Salimu akaifungua kabureta mwenyewe. Akatoa jeti, akaishika pamoja na nyingine mpya, akazielekeza zote mbili juani. Mtu yeyote mwenye macho angeona tofauti.

"Waya?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Jeti ningekusamehe leo hii. Lakini umemharibia mtu jina lake, na hilo si langu kulisamehe. Panda Kibosho ukaseme mwenyewe."

Nilipanda. Nilimkuta Mama Anselmi uani anakoroga mtori, ile supu ya ndizi anayopewa mzazi, wanawake wa jirani wamekaa naye. Nikasema yote mbele yao. Hakuacha kukoroga mpaka nilipomaliza.

"Deo namjua tangu wanangu hawajaota meno," akasema. "Wewe nimekuona mara mbili. Nikakuamini wewe, kwa sababu uliongea kama msomi." Machozi yakamtoka. "Ondoka hapa kwanza, nisije nikakumwagia huu mtori."

Alimfuata Deo kumwomba arudi. Deo akakataa, kwa upole wake uleule. Akalima mboga mpaka uzeeni. Mimi alinisamehe, tena kwa moyo, na tulisalimiana vizuri mpaka alipofariki. Lakini usukani hakuushika tena maisha yake yote, na aliupenda.

Mwanangu, ufundi si siri ya kumfunga mteja macho. Yeye hajui kilicho ndani ya injini, ndiyo sababu amekuja kwako, na wewe kumdanganya kwa kile asichokijua ni unyang'anyi, hata kama hukuchukua kitu mfukoni mwake. Jaribu gari kule linakofanya kazi. Dereva akikuambia jambo, msikilize, yeye ndiye anayelala na kuamka nalo. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema "nimekosea mimi" siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa.

Mungu akuzidishie kazi na akulindie mikono yako. Akupe moyo usioogopa aibu ya kusema kweli, na wote watakaopanda milima hii kwa magari uliyoyatengeneza, wafike salama.